Wasomaji wa Mlango wa Nne

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini lori la mahitaji limekufikishia barua hii ikiwa nzima, maana ile ya mwisho ulisema ilifika inanuka moshi kabla hujaiingiza jikoni kwako.

Huku sote tuko salama. Shangazi anakusalimu na anauliza kama huko kambini mnajenga barabara tu au kuna hata mwanamke mmoja mwenye macho. Nimemwambia mpishi wa wanaume mia mbili hana nguvu ya kutafuta mke. Hakuridhika. Baba anakula vizuri na analala vizuri. Jina langu analikumbuka siku nyingi kuliko zile asizolikumbuka. Daktari amesema kusahau kwake hakutarudi nyuma, tumzoeshe tu mambo yaleyale kwa saa zilezile. Basi akishakunywa chai namkalisha kwenye kiti karibu na cherehani, mimi nashona, yeye anasikiliza redio.

Sasa la kwangu, na usicheke. Nimefungua blogu ya ushonaji. Ni kama kuwa na gazeti lako mwenyewe kwenye intaneti: wewe mwandishi, wewe mhariri, wewe muuzaji, na hakuna anayenunua. Nimeandika jinsi ya kuweka zipu isionekane, jinsi ya kukata kola ikae sawa, na namna ya kumwambia mteja kwamba amenenepa bila kumpoteza. Uzuri wake, au ubaya wake, ni kwamba kila kitu kinapimwa. Ukifungua ukurasa wa ndani unakuta mstari unaopanda na kushuka: leo wamefika wangapi, wametokea wapi, wamekaa muda gani. Wangu wengi hawakai, wanatoka mbio kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe ndani. Wiki iliyopita walikuwa tisa. Mmoja ni mimi, na Shangazi nadhani ni watatu, kwa sababu kila akibonyeza anapotea na kuanza upya.

Jambo moja la kukuchekesha. Juzi mteja alikuja kupima gauni akaacha begi lake la safari pale mlangoni. Baba akaliona, akasimama, akakohoa kama zamani alipokuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kwenye kipaza sauti: "Abiria wa saa mbili, basi lenu liko mlango wa nne. Wenye watoto, washikeni mikono." Kaka, sauti haijapungua hata kidogo. Mteja alicheka mpaka akasahau kulalamikia mikono ya gauni. Na mimi nilicheka. Baba mwenyewe alikaa chini ameridhika kama mtu aliyemaliza zamu.

Likizo yako ni mwezi wa nne, sivyo? Tunakusubiri.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na doa la mafuta ya taa, lakini maneno yote yanasomeka. Mimi mzima. Baridi ya huku inaingia hata kwenye chai. Injinia mkuu ametoa amri kwamba chakula kipunguzwe chumvi kwa sababu ya presha yake, kwa hiyo wanaume mia mbili wanakula presha ya mtu mmoja, na lawama zote zinaniangukia mimi mwenye upawa.

Wasomaji tisa si haba. Mimi wanaonijia ni mia mbili kila jioni na hakuna hata mmoja anayekuja kwa hiari yake. Andika tu, watakuja. Lakini huo mstari usiukodolee macho kutwa kucha. Nakujua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unafukua mbegu kila asubuhi kuangalia kama zimeota, na hazikuota.

Niliposoma habari za Baba na mlango wa nne nilitoka nje kidogo, nikawaambia wenzangu ni moshi. Mpe salamu zangu. Hata kama hataulizia ni za nani, mpe.

Kuhusu likizo, imesogezwa. Wanataka barabara ifike kwenye daraja kwanza. Nitakujulisha. Mwambie Shangazi mwanamke yupo mmoja, ni muuguzi wa kambi, macho anayo, na ndiyo maana hanitaki.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Pole na chumvi. Huku ni wazima, isipokuwa Shangazi ambaye goti linamsumbua, na ukimwuliza goti lipi anakasirika, maana eti yote mawili ni yake. Amepokea habari za muuguzi kwa matumaini makubwa kuliko ulivyokusudia.

Kaka, blogu imeshika moto. Sijui nianzie wapi. Nilibadilisha kidogo mambo ninayoandika. Zipu na kola nimeviacha kando, siku hizi naandika ya nyumbani nyumbani tu, vituko vya maisha ya fundi. Wiki ya kwanza mstari ulipanda nikadhani mtambo umeharibika. Ya pili ukapanda tena. Sasa wanaokuja kwa siku moja hawaenei kwenye kile kituo cha mabasi cha Baba cha zamani. Na hawakimbii, wanasoma mpaka chini, kisha wanaandika maoni kuomba kingine. Mwanamke mmoja amesema husoma akiwa kazini amejificha stoo, akavunjika mbavu mpaka msimamizi akamkuta.

Nimejifunza mambo mengi. Asubuhi ndiyo saa nzuri ya kuweka kisa kipya. Kichwa cha habari kikiwa kifupi wanabonyeza zaidi. Ukikaa siku nne bila kuweka kitu, mstari unaporomoka, na kuurudisha juu ni kazi. Naona haya kukwambia hili, lakini nikiamka siangalii kwanza kama Baba amelala vizuri. Naangalia simu.

Baba hajambo. Ni mchangamfu siku hizi kuliko awali. Anazungumza sana.

Likizo vipi?

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Niko salama. Lori lilikwama kwenye tope, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Mpe pole Shangazi kwa magoti yake.

Hongera kwa hao wasomaji.

Kuna mpimaji wa barabara hapa, kijana mcheshi, ambaye kila akishuka mjini kupeleka michoro anarudi na vitu vya kusoma amevihifadhi kwenye simu yake. Siku hizi baada ya chakula cha jioni anasimama juu ya benchi anatusomea visa vya mzee fulani. Watu wanacheka, wanapiga meza. Huku hakuna redio wala mtandao, kwa hiyo mtu wa kuchekesha ni dhahabu.

Jina la blogu yako hukunitajia. Inaitwaje?

Na Baba anaendeleaje? Kweli, anaendeleaje? Likizo bado.

Kaka yako

6 Juni

Kaka,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu, tumeamka. Shangazi amepata dawa ya kuchua, nyumba nzima inanuka mkaratusi. Mvua zimekatika. Nimepokea kazi ya sare za kwaya, wanakwaya wote wana vifua vipana na mikono mifupi, sijui wanaimbia wapi.

Blogu inaendelea vizuri. Ina jina la kawaida tu, la kiushonaji, huwezi kulijua.

Baba alitoka peke yake wiki mbili zilizopita, akapotea kidogo. Alipatikana siku ileile kabla ya jua kuzama, hana hata mkwaruzo. Sikutaka kukutia wasiwasi kwa sababu ukiwa huko hakuna ambacho ungefanya. Sasa nafunga mlango kwa komeo la juu. Shangazi hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo, lakini hilo ni la kwetu, litapita.

Najua huwezi kuja. Nimeacha kuuliza.

Mdogo wako

30 Juni

Sindano,

Leo salamu nimeziacha makusudi.

Inaitwa Mzee wa Mlango wa Nne. Hilo ndilo jina lako la kiushonaji. Nimeisoma kwenye simu ya mpimaji, visa vyote, nimejifungia kwenye stoo ya unga. Mzee anadai tiketi kwa mgeni anayetaka kwenda choo. Mzee anampigia filimbi muuza maziwa kwa sababu amesimama kwenye njia ya mabasi. Mzee amevaa koti juu ya nguo za kulalia, anamwomba fundi radhi kwa basi kuchelewa. Hukutaja jina lake, ni kweli. Lakini "wenye watoto, washikeni mikono" ni nani mwingine amewahi kulisema duniani? Mimi na wewe tulishikana mikono kwa sauti hiyo. Mama alikuwa akitupeleka kituoni ili tumsikie tu.

Wanaume wazima hapa wanamwigiza wakipanga foleni ya chakula. Dereva wa greda amejitupia taulo mabegani kama lile koti, anajifanya yeye. Nawapakulia maharage huku wanamcheka baba yangu, na aliyewapa ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Umemwuza Baba kwa watu usiowajua ili mstari upande. Huoni haya? Futa kila kitu. Usinijibu mpaka umefuta.

Kaka yako

22 Julai

Kaka,

Shikamoo hata hivyo.

Sijafuta, na nakujibu. Ukimaliza kusoma utaamua kama bado mimi ni mdogo wako.

Kwanza nakuandikia maoni ambayo mtu mmoja aliyaweka chini ya kisa cha muuza maziwa, mwezi uliopita. Alisema wako kambini mlimani, wanajenga barabara, na kwamba visa vya mzee ndivyo vinavyowafikisha Jumamosi. Akaongeza hivi: "Hasa mpishi wetu. Yeye hucheka mpaka anatoa machozi, akikosa anaomba kirudiwe. Mtu wa roho safi sana, kila likizo yake ikifika huwaachia wenzake."

Niliyasoma mara nyingi. Nilitaka kuamini kwamba kuna kambi nyingine, mlima mwingine, mpishi mwingine. Kumbe likizo haikusubiri daraja. Kumbe ulikuwa unacheka na wao, unaomba kirudiwe, halafu unaniandikia barua ya kuuliza jina la blogu kama hakimu. Nilikasirika mpaka nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Lakini hasira yenyewe haikukaa, kwa sababu wewe ulicheka tu, na mimi nimefanya zaidi ya kucheka.

Unakumbuka lile begi la mteja? Aliondoka nalo, na Baba akanyamaza. Siku nne, tano, kimya, anatazama miguu yake. Mimi nilikuwa nimeshaandika kile kisa cha kwanza na watu walikuwa wanaomba kingine, na mstari umeanza kushuka. Basi nikachukua begi letu la kahawia juu ya kabati nikaliweka mlangoni mwenyewe. Nikakaa kwenye cherehani nikamsubiri. Akaliona, akasimama, akatangaza, akatafuta abiria chumba hadi chumba, akahangaika kwa nini hawatoki. Na mimi nikaandika. Baada ya hapo nililiweka kila mstari uliposhuka. Siku nyingine nilimfungulia redio kwa sauti ya chini ili aseme kipaza sauti kimeharibika. Mchangamfu, nilikuandikia. Hakuwa mchangamfu, alikuwa kazini, na mimi ndiye niliyemrudisha kazini ndani ya kichwa chake kila nilipotaka kisa.

Siku aliyopotea alichukua begi hilohilo. Shangazi na majirani waligawana mitaa. Mimi niliwaambia nabaki nyumbani asije akarudi akakosa mtu, na niliandika kwenye blogu kwamba mzee hajulikani alipo, atakayemwona atoe taarifa. Hiyo niliandika kwa nia njema, naapa. Kisha nikafungua ukurasa wa ndani kuona kama kuna aliyemwona. Mstari ulikuwa unapanda mbele ya macho yangu, namna ambayo haujawahi kupanda. Na nilifurahi, Kaka. Baba hajulikani alipo, huenda amegongwa na gari, na mimi niko jikoni nafurahi. Ilikuwa furaha ya muda mfupi, lakini nilijisikia nikifurahi, na Shangazi aliingia kuchukua tochi akaniona usoni. Alichukua tochi akatoka. Ndiyo maana hanisemeshi.

Baba alikutwa kwenye lile duka kubwa lililojengwa palipokuwa kituo. Alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi anawaelekeza wateja. Mlinzi alidhani ameajiriwa.

Hayo ndiyo yangu. Nimeyaandika bila kuyapamba. Sasa na wewe niambie kwa nini huji nyumbani.

Mdogo wako

21 Agosti

Sindano, mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini magoti ya Shangazi yamepata nafuu na sare za kwaya zimekubali kuvalika. Mimi afya ninayo. Amani sina.

Barua yako niliisoma mchana, na jioni nikashindwa kuonja chakula. Kikatoka bila chumvi kabisa. Injinia akafurahi.

Ni kweli nilicheka. Jioni ya kwanza sikujua. Kilikuwa kile kisa cha tiketi ya choo, na nilicheka kama wote, nikasema watu wa huyo mzee lazima wamechoka. Jioni ya pili mpimaji akafika kwenye "washikeni mikono", na upawa ukanibaki hewani. Nilijua palepale. Hapo ndipo mtu mwenye baba angesema ni baba yangu. Mimi nikaona wenzangu wananitazama kwa nini nimeacha kupakua, nikaogopa, nikacheka kwa nguvu kuliko wote ili uso usinisaliti. Kisha ikawa siwezi kuacha. Nikaomba kirudiwe kwa sababu nilitaka kumsikia. Ni aibu, lakini nilikuwa nangoja jioni. Sikuwa na njia nyingine ya kukaa na Baba ambayo yeye hanitazami.

Umeniuliza kwa nini siji. Likizo iliyopita, mlipokwenda sokoni na Shangazi, nilibaki naye barazani. Aliniangalia muda mrefu, akaniuliza kwa upole mimi ni wa basi gani. Nikamwambia mimi ni mwanao. Akaomba radhi, Sindano. Akasema, "Samahani bwana, watu ni wengi, siwezi kuwajua wote." Kesho yake alfajiri nikala kona, nikawaambia nimeitwa kazini. Tangu hapo likizo zangu nazigawa na watu wananisifu roho safi. Wewe ulimwekea begi mlangoni, ila ulikuwa naye chumba kimoja. Mimi nimekimbia, halafu nikakuandikia kukuuliza kama huoni haya.

Juzi, mpimaji alipopanda benchi, nilimwambia ashuke. Nikasema huyo mzee ni baba yangu na anayeandika ni mdogo wangu. Dereva wa greda alilivua lile taulo taratibu, hakujua aliweke wapi. Niliwasubiri waniombe radhi, na nilikuwa nimejiandaa kuwasamehe. Mpimaji akasema tu, bila ubaya wowote:

"Lakini Mpishi, wewe ndiye ulicheka kuliko sisi sote."

Nilirudi jikoni.

Nimeomba likizo, yangu mwenyewe, na safari hii simpi mtu. Nitashuka na lori mwisho wa mwezi wa tisa. Sikuambii tena ufute. Sina uso wa kukuamuru.

Kaka yako

14 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Lori likufikishie barua hii haraka, nataka uisome kabla hujapanda. Shangazi anasema uje na muuguzi au usije kabisa, kisha ananinong'oneza uje hata peke yako. Ndiyo, ameanza kunisemesha. Alianza kwa kunigombeza kuhusu sufuria, nikajua amenisamehe kidogo.

Blogu nimeifunga. Lakini nikueleze ilivyokuwa, maana nimechoka kukuficha. Niliona si haki niondoke kimya, nikaandika kisa cha mwisho, cha kweli: begi, redio, furaha yangu siku ile Baba amepotea. Nilitaka wanitukane. Kaka, hakuna nilichowahi kuandika kikasomwa kama hicho. Mstari ulitoka nje ya ukurasa. Watu wakaniita jasiri, wakaniita mwenye moyo wa dhahabu, wakasema wamelia. Mmoja aliuliza kama leo mzee ametangaza chochote. Nilikaa naangalia sifa zinavyoingia kwa ajili ya ubaya ule ule, na nikagundua nimeshahesabu za asubuhi na kuzilinganisha na za jana. Hapo nilifuta vyote, kisa kwa kisa. Vilivyobaki viko kwenye simu za watu kama mpimaji wako. Hivyo siwezi kuvifuata.

Bado mkono unakwenda kwenye simu nikiamka. Naangalia saa, narudisha.

Baba ametulia. Hatangazi tena, na begi nimempa jirani anayesafiri. Ametulia mno, kusema kweli, na usishtuke ukimwona amepungua. Suruali zote zinamvuka, kwa hiyo jana nilimsimamisha katikati ya chumba nimpunguzie ile ya kijivu, angalau akupokee amevaa inavyopasa. Hakunijua. Alinyoosha mikono kama mteja mwenye adabu, akaniuliza kama nimekaa sana kwenye kazi hii. Nikasema miaka mingi. Akauliza kama wazazi wangu wapo. Nikamwambia nina baba, hajambo, ila anasahau sana siku hizi. Akasikitika. Alisikitika kweli, Kaka, akanishika bega.

"Ana watoto?" akauliza.

"Wawili."

"Basi huyo ana bahati," akasema. "Watoto hawawezi kukubali watu wamcheke."

Nikatia pini midomoni ili nisijibu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye pindo lake, na sikuinua uso mpaka nilipomaliza na mguu wa pili.

Mdogo wako